Kasha letu au kasha la wote? Shajara ya kuhamisha madabodi za mtumba, Tanga

12 Januari 2025: Tulichonacho na tunachotaka

Karakana imepokea kompyuta 12 za ofisi za mtumba, zile nyembamba zinazolazwa chini ya skrini. Zimenunuliwa Kariakoo kwa TSh 260,000 kila moja bila skrini. Ndani kuna prosesa ya Core i5-6500 na ramu ya GB 8. Ni mashine nzima kabisa. Ofisi za nje zinaziondoa kwa sababu Windows 10 inaisha muda wake tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Windows 11. Sisi tunatumia Linux Mint badala ya Windows, na Kdenlive ya kuhariri video, kwa hiyo hilo halituhusu.

Vijana wanajifunza kuhariri video. Wanahitaji kadi ya picha ya kawaida na diski ya pili, na hapo ndipo kasha jembamba, yaani boksi la bati la mashine, linapogoma. Nafasi ya kadi ni ya kadi fupi tu, pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) ni ya wati 180, na plagi zake ni za kiwanda hicho peke yake. Ukitaka kuibadilisha kwa pawasaplai ya dukani, haiingii.

Wenzangu wawili wamependekeza tutunge kiwango chetu cha kasha: vipimo vyetu, matundu yetu ya skrubu, mchoro mmoja ambao fundi bati yeyote wa Tanga, Moshi au Morogoro ataweza kuufuata kwa ajili ya madabodi (bodi kuu) hizi za ofisi. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mashine za namna hii zinaingia nchini kwa wingi na zinatupwa mapema. Shajara hii inafuata jaribio hilo. Atakayetaka kuiga ataona palipotugharimu.

19 Januari: Vipimo

Kabla ya kutunga kipya tumepima cha zamani. Kiwango kinachotawala makasha ya mezani ni ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Bodi kamili ni milimita 305 kwa 244. MicroATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX, iliyoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, ni 170 kwa 170. Ubora wa mpango huu ni kwamba ndogo zilitungwa ndani ya kubwa: matundu manne ya Mini-ITX yanakaa juu ya nguzo zilezile za kasha la ATX, yaani vijiti vifupi vya chuma vinavyoinua bodi kutoka kwenye bati. Tundu la nyuma la milango ya USB na sauti lina kipimo kimoja kwa zote, 158.75 kwa 44.45. Pawasaplai ina upana wa 150 na kimo cha 86.

Stoo tuna kasha la ATX la enzi za Pentium 4. Tumeliwekea bodi ya microATX mpya kutoka kwa jirani anayeuza vifaa, na skrubu zote zimeingia. Kasha lenye zaidi ya miaka ishirini limepokea bodi ya mwaka huu bila kutoboa popote. Nimeliandika hili mapema kwa sababu ndilo tunalopaswa kulishinda tukitunga la kwetu.

Bodi ya ofisi, kwa upande mwingine, imelingana na kasha hilo kwa matundu manne tu. Mengine yameangukia penye bati tupu. Kipoza joto cha prosesa hakishikwi na bodi: skrubu zake zinapita kwenye bodi na kujifunga kwenye kasha lenyewe. Ukiitoa bodi kwenye kasha lake, kipoza joto hakina pa kushikia.

9 Februari: Umeme

Hatua hii imekula muda mwingi kuliko nyingine, basi nitaieleza kwa kirefu.

Pawasaplai ya ATX inatoa volti 12, 5 na 3.3 kupitia plagi ya pini 24, pamoja na volti 5 za kusubiri kwenye waya wa zambarau, zinazokaa hai hata mashine ikiwa imezimwa. Bodi ya ofisi ina plagi kuu ya pini 6 na ndogo ya prosesa ya pini 4. Karibu kila kitu inataka volti 12 tu, na volti 5 inajitengenezea yenyewe juu ya bodi.

Tulinunua plagi ya kugeuza ya TSh 18,000, waya kwa waya. Mashine haikuwaka, hata taa ya bodi. Multimita, kipima volti, ikaonyesha sababu: bodi inasubiri volti 12 za kusubiri, na waya ule unailetea 5. Bodi haijui kama kuna umeme, kwa hiyo swichi haifanyi kitu. Plagi ya pili, ya TSh 35,000, ina kijibodi katikati kinachopandisha 5 hadi 12. Hiyo imewasha mashine mara moja. Za kwanza zimebaki sandukuni, hazina matumizi.

Kwa anayeiga: usinunue kwa kuhesabu pini. Viwanda viwili vinaweza kutumia plagi zenye umbo moja na nyaya zikapangwa tofauti. Iache pawasaplai ya asili kwenye mashine yake, iwashe, pima kila pini, chora, kisha linganisha na plagi unayouziwa. Ubaya wa volti 12 kuingia palipotakiwa 5 hauna matengenezo. Diski usizilishe tena kutoka kwenye bodi. Zipe umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai mpya.

Hapa nimeanza kuona swali letu kwa jicho jingine. Mwanzoni mwa muongo huu Intel ilileta ATX12VO, ambamo pawasaplai inatoa volti 12 pekee kupitia plagi ya pini 10, na bodi inajigawia zilizobaki. Shabaha yake ni kupunguza umeme unaopotea mashine ikiwa imetulia, na masharti ya jimbo la California kuhusu umeme huo yaliisukuma kazi hiyo. Wajenzi wengi waliipokea kwa ubaridi, wakisema inaongeza gharama ya bodi. Ukiwa umekaa na bodi ya ofisi mezani unaona jambo jingine: viwanda vikubwa vilikuwa vimeshahamia volti 12 pekee miaka mingi kabla, kila kimoja na plagi yake. Kiwango hicho kingefika miaka kumi mapema na vikakifuata, TSh 35,000 zisingehitajika kwa kila mashine. Huu ni mfano wa kiwango kipya chenye haki ya kuzaliwa. Jambo lilikuwa linafanyika tayari, likakosa tu makubaliano.

9 Machi: Kasha letu la kwanza

Tumelijenga kwa bati la milimita 0.8 kwa fundi wa barabara ya pili, kwa TSh 70,000 pamoja na kuchomelea. Mpangilio ni wetu: feni kubwa mbele, prosesa nyuma yake moja kwa moja, upepo unapita kwa mstari mnyoofu hadi nyuma.

Wazo hili lina historia, na inafaa kuijua kabla ya kulipenda. Miaka ya 2003 na 2004 Intel ilitoa kiwango cha BTX kuchukua nafasi ya ATX. Prosesa za Pentium 4 zilikuwa zimepanda hadi wati 115, na ATX haikuwa na njia nyoofu ya upepo. BTX iliisogeza prosesa mbele, ikapanga vipande vyote vyenye joto kwenye njia moja, na ikageuza upande wa kasha ambao bodi inafungwa. Kiufundi ilikuwa kazi nzuri. Dell na Gateway waliitumia. Lakini matundu hayakulingana na ya ATX, hivyo anayehama alinunua bodi na kasha pamoja. AMD, washindani wa Intel, nao walikuwa wamekwisha kuhamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa, jambo lililofanya ramu itake kukaa karibu na prosesa kwa namna ambayo mpangilio wa BTX haukuipenda. Kisha mwaka 2006 zikaja Core 2 za wati 65, joto likashuka, na mwaka huohuo Intel ikauacha mpango.

Prosesa yetu ni ya wati 65. Tulipaswa kupima kabla ya kuamini, na tumepima. Chumba kikiwa na nyuzi 31, kazi ya kuhariri ikiendelea kwa saa nzima:

Kasha jembamba la asili, nyuzi 84.
Kasha letu lenye njia nyoofu, nyuzi 66.
Kasha kuukuu la ATX, feni mbili za milimita 120 na kipoza joto cha kawaida, nyuzi 69.

Tofauti kati ya letu na la ATX ni nyuzi tatu. Kwa nyuzi hizo tatu tungewalazimisha watu waache kila kasha, kila kipoza joto na kila bamba la nyuma linalouzwa madukani. Bati la 0.8 nalo limeyumba. Kadi ya picha ikiwekwa, upande mzima unatetemeka na feni. Fundi aliliona kabla yangu. "Mwalimu," akasema, "hapa unataka milimita moja na nusu, na ukitaka hiyo bei inapanda. Makasha haya mnayotupa stoo, si yamekaza kuliko hili?"

Swali lake limebadilisha mradi. Kasha letu tumelisimamisha. TSh 70,000 zimekwenda, na zimetupa vipimo vya joto tunavyoviamini.

30 Machi: Bamba la kati

Mpango mpya: tusiguse kasha wala bodi. Tunakata bamba la milimita 1.5 linalofungwa kwenye matundu ya nguzo za kawaida za ATX, badala ya nguzo zenyewe, na juu yake tunapandikiza nguzo pale bodi ya ofisi inapozitaka, pamoja na nne za kushikia kipoza joto. Mchoro umechorwa kwa kuiweka bodi tupu juu ya karatasi na kutia alama ndani ya kila tundu kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Bamba la kwanza limekaa sawa, bodi imekaa sawa, ila kadi ya picha haikukaa. Sikio lake la chuma halikufika kwenye mdomo wa kasha. Bamba limeinua bodi kwa milimita 1.5, na kadi imeinuka nayo. Kwa kadi hiyo ni nyingi: ukikaza skrubu, kadi inainama ndani ya nafasi yake na mguso unapotea. Dawa ni kuzipunguza nguzo za juu, kutoka 6.5 hadi 5, ili jumla irudi palepale. Tumezisaga kwa tupa, zote kwa pamoja zikiwa zimebanwa kwenye jiliwa, zitoke na kimo kimoja.

Jambo la pili ni la hatari zaidi. Nguzo ya kasha isiyotumika, ukiisahau chini ya bodi mahali pasipo na tundu, inagusa miguu iliyolehemiwa na inaweza kuiua bodi. Kwa hiyo bamba letu lina nguzo za tundu kwa tundu, hakuna ya akiba. Tumepitisha pia hewa ya kompresa kila kona baada ya kutoboa. Unga wa chuma unaobaki ndani hauonekani mpaka umeme uwake.

Skrubu ziko za aina mbili, M3 na zile za inchi zenye meno mapana. Zinafanana kwa macho. Zikigoma kwa vidole, usizilazimishe kwa bisibisi.

Rangi ni lazima huku pwani; bati tupu linaota kutu mvua za masika zikianza. Lakini bamba lililopakwa rangi kote lilileta mvumo kwenye spika za masikioni. Tumekwangua rangi kuzunguka kila tundu la skrubu hadi chuma king'ae, mvumo ukaisha.

Tundu la nyuma: bodi ya ofisi haina bamba lake la milango, kwani kasha la asili limekatwa moja kwa moja. Tumekata bati jembamba kwa 158.75 kwa 44.45, tukatoboa milango kwa mkono. Kazi ya kuchosha, haina siri.

4 Mei: Swichi na malalamiko ya biosi

Mashine inawaka kwa kugusisha pini, haiwaki kwa swichi ya kasha. Plagi ya mbele imepangwa kivyake. Tumetafuta pini mbili za swichi kwa multimita kwenye kifaa cha asili na kuzipeleka nyaya huko.

Kisha kila ikiwashwa inasimama na kudai kwamba USB ya mbele na sauti ya mbele havijaunganishwa, na inataka ubonyeze kitufe ndipo iendelee. Kwa darasa, hilo halivumiliki, na umeme ukikatika na kurudi mashine zote zinabaki zimesimama. Tulijaribu kuzima onyo hilo kwenye biosi (programu ya bodi inayoiwasha mashine), halizimiki. Tumejaribu kuunganisha plagi ya USB ya kasha la ATX, bodi haiitambui. Kilichofaulu ni kuling'oa kijibodi cha milango ya mbele kutoka kasha la asili na kukifunga ndani ya kasha jipya kwa skrubu mbili, waya wake wa asili ukiwa umechomekwa. Onyo limetoweka, na milango hiyo inatumika kweli, kwa sababu tumeielekeza kwenye nafasi ya diski ya inchi 5.25.

Feni ya asili nayo usiitupe. Bodi inaitafuta.

25 Mei: Bodi zenye plagi mgongoni

Vijana wameniuliza kuhusu bodi mpya ambazo plagi zake zote zimehamishiwa nyuma, upande usioonekana: BTF ya Asus, Project Zero ya MSI, Project Stealth ya Gigabyte. Waya hazionekani kabisa, na kasha la kioo linapendeza. Wengine wanauona huu kuwa ndio mrithi wa ATX.

Kwangu mimi jambo la kutazama ni skrubu. Bodi hizi zimebaki na matundu ya ATX na microATX, na kasha lililokatwa madirisha kwa ajili yake bado linapokea bodi ya kawaida. Atakayenunua kasha hilo leo hajifungii mlango. Lakini bodi yenyewe haiingii kwenye kasha la zamani lisilo na madirisha, na viwanda havikuanza vikiwa vimekubaliana madirisha yakae wapi, hivyo mnunuzi analazimika kusoma orodha ya makasha yanayolingana na bodi yake. Kwa mwenye mashine moja ya kifahari, sawa. Kwa karakana inayookota makasha ya miaka ishirini, hakuna kinachopungua kwenye kazi wala kwenye gharama.

15 Juni: Njia ya pili, bodi ya kawaida ya mtumba

Kwa uaminifu wa hesabu tumejaribu mashine moja bila bamba: tumechukua prosesa na ramu, tukavihamishia kwenye bodi ya microATX ya mtumba ya soketi 1151 (soketi ni kikalio cha prosesa), TSh 140,000, na kipoza joto cha kawaida cha TSh 25,000.

Bodi ya kwanza tuliyoletewa haikuonyesha picha. Soketi 1151 ina matoleo mawili yanayofanana kwa umbo: bodi za mfululizo wa 100 na 200 zinapokea kizazi cha sita na cha saba, za mfululizo wa 300 zinapokea cha nane na cha tisa. Prosesa inaingia, kifuniko kinafunga, na hakuna kinachotokea. Muuzaji amebadilisha kwa nyongeza ya TSh 20,000. Angalia jina la chipseti, chipu kuu ya bodi: H110, B150, B250 zinafaa, H310 na B360 hazifai kwa prosesa hii.

Bodi sahihi ilipofika, kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna tupa, hakuna plagi ya kugeuza, hakuna malalamiko ya biosi.

6 Julai: Gharama na uamuzi

Mashine moja kwa njia ya bamba: kompyuta 260,000, kasha kuukuu la ATX 45,000, pawasaplai 110,000, plagi ya kugeuza 35,000, bati, rangi na nguzo 18,000, kadi ya picha ya GTX 1650 ya mtumba 290,000. Jumla TSh 758,000. Tumechagua toleo la kadi hiyo lisilo na plagi ya ziada, kwa kuwa linatosheka na wati 75 za nafasi yake. Njia ya bodi ya kawaida inafika TSh 870,000 ukiipata bodi sahihi mara ya kwanza.

Kwa mashine 12, tofauti ni TSh 1,344,000, na vijana wanajifunza kupima, kukata na kusoma volti. Kwa hiyo sisi tunaendelea na bamba. Mwenye mashine moja nyumbani anunue bodi ya kawaida. Akiba ya TSh 112,000 hailipi kazi ya kusaga nguzo na kutafuta pini, na siku bodi ya kawaida ikifa ataibadilisha kwa yoyote iliyo dukani.

Kiwango chetu cha kasha hatutaendelea nacho. Wenzangu walioleta wazo wamekubali baada ya vipimo vya joto, na mmoja wao ndiye anayesimamia mabamba sasa. Ningekubali kiwango kipya cha kasha na bodi siku kitakapokuja na jambo ambalo ATX haiwezi kulibeba hata kwa bamba, au kitakapounganisha kile ambacho viwanda vinakifanya kila kimoja kivyake, kama ile plagi ya volti 12. Kuhamisha matundu kwa nyuzi tatu za joto, hapana.

Mashine nane zimekwisha na ziko darasani. Nne zinasubiri plagi za kugeuza kutoka Dar. Mchoro wa bamba unapatikana karakana kwa kipimo halisi. Umechorewa mstari wa milimita 100 pembeni, na kabla ya kutoboa chochote pima mstari huo kwa rula, kwa sababu printa nyingi hupunguza ukurasa bila kusema.